Yule baba wa Lulu sio mzito wa kuelewa

Shoga yangu,

Za siku? Rasimu yako ya insha kuhusu Lulu (Pearl), lile shairi la Kiingereza cha zama za kati la baba anayemlilia lulu wake aliyempotea, nimeisoma yote na nimeona bora nikuandikie kwa kirefu, maana voisi noti ndefu huwa husikilizi, nakujua. Umeandika vizuri ila kuna kitu kimenikereketa. Umemfanya yule baba kama mwanafunzi mzito: anakosea, binti anamsahihisha, anakosea tena, mwisho anaelewa na kutulia. Mi nasema haelewi. Na mshairi anajua kabisa kwamba haelewi, ndo utamu wenyewe wa shairi.

Kwanza hapo mwanzoni umeandika moja kwa moja "binti yake". Sawa, hata mimi nasoma hivyo, ila shairi halitamki popote, linasema tu huyo aliyempoteza alikuwa karibu naye kuliko shangazi au mpwa, na kwamba hakufikisha hata miaka miwili duniani, sala ya Baba Yetu haijui, Nasadiki haijui. Usiliharakishe hilo. Mtu kafiwa na bado hawezi kusema "mwanangu", anasema lulu yangu, lulu yangu, imenidondoka bustanini ikazama kwenye udongo, ni Agosti, kalala palepale ilipodondokea na maua yameota juu yake mpaka usingizi unampitia. Hiyo peke yake ni mhusika mzima.

Halafu ndotoni anamwona ng'ambo ya mto, kavaa nguo nyeupe zenye lulu, taji kichwani, lulu moja kubwa kifuani, na hapo ndo wanaanza kupishana. Baba anajiita mtu wa vito, kwa hiyo lulu kwake ni mali iliyopotea na sasa imeonekana, basi ataichukua waishi wote. Binti anamjia juu, unasema vibaya, ulichopoteza ni waridi tu lililochanua likanyauka kama maua yalivyo, na sanduku lililolifungia ndo limelifanya lulu. Lulu ya binti ni ile ya Mathayo 13, ya mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyo navyo aipate moja. Sasa ona, wote wanasema lulu, mmoja anaomba arudishiwe, mwenzake anamwambia auze vyote! Kwa hiyo ukiandika "lulu ni ishara ya usafi" ukaweka nukta, hujasema uongo ila umeacha nusu ya shairi nje, maana ishara inabadilika kulingana na nani kaishika.

Mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mathayo 20) umeueleza kama mahubiri. Angalia unakuja wapi lakini. Baba kaambiwa mwanae ni malkia mbinguni, na badala ya kufurahi anaanza kubishana cheo, kwamba angekuwa mke wa mtawala mdogo hivi, au bibi wa daraja la chini, hapo sawa, ila malkia siku ya kwanza tu, mtoto mdogo vile, jamani ni kubwa mno. Mi nilicheka halafu nikanyamaza. Ndo maana binti anamletea wale wa saa kumi na moja waliopewa dinari ileile kama walioanza alfajiri, yeye ndo wa saa kumi na moja. Wivu wa wale wa alfajiri unakaa kwa baba mwenyewe, yeye aliyebaki kuishi na kuchoka. Na hata baada ya hapo anauliza mnalala wapi, umenitajia Yerusalemu, lakini Yerusalemu si iko Uyahudi? Wewe umeita ujinga. Mi naona mzazi anayetaka kujua mtoto ana pa kulala.

Kuhusu namba, hapo nakupigia makofi. Beti 101 za mistari 12, jumla 1,212, na mji wa Ufunuo 21 wenye milango 12 na ukuta wa dhiraa 144, na wale 144,000 wa Ufunuo 14. Ongeza tu kwamba beti zinashikana kama pindu zetu, neno la mwisho wa ubeti linadakwa na ubeti unaofuata, na mstari wa mwisho kabisa unarudi kuugusa wa kwanza, hivyo shairi lenyewe ni la duara kama lulu. Zile kurasa zako kuhusu Cotton Nero A.x, muswada lilimo shairi hili, zipunguze bwana, mwalimu wako anajua uko British Library, anajua mshairi hajulikani na kwamba shairi la Sir Gawain limo humohumo.

Sasa kubwa. Umeruka mwisho! Baba kaonyeshwa mji, kamwona Mwanakondoo ana jeraha pana ubavuni, damu inatoka na uso wake una furaha, na kwa mara ya kwanza kwenye shairi zima anasikitikia maumivu yasiyo yake, anajiuliza nani kafanya ubaya huu. Ungesema ndo amefika. Mistari michache tu baadaye anamwona malkia wake mdogo katikati ya wenzake, basi mafundisho yote yamekwisha, anakimbilia mtoni. Na alishaambiwa huo mto hauvukwi na mtu hai, kwamba ni kwa kosa la Adamu pale bustanini mwili lazima upoe kwenye udongo kwanza. Anajua na bado anakimbilia. Anaamka palepale kichwa kikiwa juu ya kaburi.

Baada ya hapo ndo anasema vizuri, anamkabidhi kwa Mungu, anataja mkate na divai ya padri. Wewe umechukua hayo kama ushahidi kwamba kapona. Mi naona kakubali, ila kukubali sio kuelewa, na palepale bado anajilaumu kwamba angetulia angeonyeshwa zaidi. Huyo mtu bado anahesabu alichokosa.

Kwa hiyo anza na mto, halafu rudi nyuma kwenye ubishi wa umalkia, sura ya wahusika itajipanga yenyewe. Ukishaandika nitumie kabla hujapeleka kwa mwalimu, na lile jibu lako la "lakini kanisa la wakati ule lisingekubali" liandike na lenyewe, nataka tubishane.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Shoga yako