Barua kwa mwanangu: usiku ni wa kulala

Muheza, Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi hapa nyumbani hatujambo, ila mimi sijatulia tangu matroni wenu aliponipigia simu kunieleza kwamba alikukuta saa nane za usiku umejifungia katika chumba cha kufulia, umejitanda khanga, unasoma Kemia kwa tochi. Alisema hiyo haikuwa mara ya kwanza, na kwamba siku chache kabla ya hapo ulisinzia darasani hadi mwalimu akakutoa nje ukanawe uso. Nilimshukuru kwa kunijulisha, nikakata simu, na sikumwambia mama yako mpaka alipomaliza kula.

Sitayarudia mambo ya mahafali wala yale tuliyozungumza pale getini, kwa sababu unayakumbuka. Nimekuandikia kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kwamba ulale. Taa zikizimwa saa nne, funga daftari upande kitandani, na usiinuke mpaka kengele ya saa kumi na moja alfajiri.

Najua utasema kwamba wenzako wote wanakesha. Inawezekana ni kweli, lakini mimi sikumzaa hata mmoja wao. Nilikwenda kumuuliza mganga wa zahanati, na alinieleza kwamba kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi kila usiku, na kwamba ni katika usingizi huo ndipo akili inapoyapanga na kuyakaza yale iliyoyapokea mchana. Kwa hesabu yake, hata ratiba ya shule yenu, inayokupa saa saba, haitoshelezi, sembuse wewe unayezikata zikabaki tatu. Basi Jumamosi na Jumapili, baada ya chakula cha mchana, jilaze kidogo, na atakayekucheka mwache acheke.

Katika mtihani wa moko ulipata B ya Kemia, nami niliitangaza B hiyo mpaka sokoni, mama yako ni shahidi. Hata hivyo, karatasi ya Baiolojia ilirudi na maswali mawili ya mwisho meupe kabisa, hukuandika hata neno. Nilipokuuliza, ulisema muda ulikwisha. Wewe ambaye tangu darasa la tatu ulikuwa wa kwanza kukusanya daftari, leo muda unakwishaje? Nashuku kwamba ulisinzia juu ya karatasi, ukaona haya kunieleza. Kama ndivyo, ungenieleza tu. Kuna vitu ambavyo mtoto hawezi kumweleza baba kwa sababu ya namna baba anavyouliza, na hilo nimelifikiria.

Nimekaa na daftari langu la mauzo ya machungwa nikapiga hesabu ya madaraja upya, safari hii taratibu. Katika mtihani wenu wa kidato cha nne, Baraza la Mitihani linachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne. Daraja la kwanza linaanzia pointi 7 na kuishia 17. Sasa tazama: B nne na C tatu ni pointi 17, na hilo tayari ni daraja la kwanza. C saba tupu ni pointi 21, nalo ni daraja la pili. B inaanzia alama 65 na C inaanzia 45. Hizo ni alama ambazo mtoto aliyelala vizuri, mwenye akili kama zako, anazipata bila kujificha katika chumba cha kufulia. Ile karatasi yenye maandishi ya POINTI 7 iliyokuwa imebandikwa ukutani sebuleni haipo tena. Tulipaka chokaa, na sikuona sababu ya kuirudisha.

Hata Hisabati, ambayo inawaangusha watahiniwa wengi nchini kuliko somo lolote, ina mlango wake. Sehemu A ina maswali kumi ya alama sita sita, yaani alama 60, na mengi ni mambo mliyoanza kuyasoma kidato cha kwanza na cha pili. Mwalimu wa sekondari anayenunua machungwa kwangu ameniambia kwamba wanafunzi wengi hupoteza alama hizo kwa makosa ya uzembe: alama ya kutoa iliyosahaulika, namba iliyonakiliwa vibaya. Hayo ni makosa ya mtu aliyechoka, mama, hayatokani na kutojua. Na katika mtihani wa vitendo wa Kemia, mkono unaotetemeka utafungaje bureti kwa wakati, na jicho lililojaa usingizi litaonaje rangi ikibadilika kwa tone moja?

Kwa hiyo soma mchana. Chukua mitihani ya miaka iliyopita, weka saa mezani, fanya karatasi nzima ndani ya muda wake kama kwamba msimamizi amesimama mlangoni, kisha sahihisha, na pale ulipokosea ndipo pa kusoma. Kusoma daftari lote kuanzia ukurasa wa kwanza kila usiku kunakupa faraja ya kuona kwamba umefanya kazi, basi, na wewe unajua hivyo. Tenga la machungwa likijazwa kupita kiasi, ya chini yanapondeka kabla lori halijafika Chalinze.

Kahawa acha. Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, ambavyo nasikia wasichana wanaviingiza shuleni kwa siri, usiviguse. Na atakayewajia usiku wa kuamkia mtihani akisema ana karatasi iliyovuja, mpe mgongo ulale, kwa maana wengi wao ni matapeli wanaouza maswali ya kubuni, na hata yangekuwa ya kweli, Baraza huwafutia matokeo yote wanaobainika kudanganya. Usiku huo kazi yako ni kuandaa kalamu mbili, penseli, rula na bikari, kuhakikisha namba yako ya mtihani unaijua, na kuzima tochi.

Mama yako alikuambia kwenye simu uwe unaamka usiku kuomba. Nimezungumza naye, na tumekubaliana kwamba wewe uswali Isha ulale, kisha uswali Alfajiri kwa wakati wake. Za katikati ya usiku tuachie sisi wazee, ambao usingizi umetukimbia tayari.

Upande wetu, kuna mambo tumeyapanga. Jirani yetu amempeleka mwanawe katika kambi ya masomo ya usiku na amenishauri nikulipie na wewe. Nimekataa, ingawa pesa ipo. Mjomba wako wa Korogwe alitaka kukupigia kupitia matroni ili akutie moyo, na mimi nimfahamuvyo, kutia moyo kwake ni kukulinganisha na binamu yako kwa nusu saa, kwa hiyo nimemwambia simu ya matroni ni mbovu. Mitihani itakapoanza Novemba, sitapiga simu kuuliza karatasi fulani ilikuwaje. Ukitoka chumba cha mtihani, usikae na wenzako kulinganisha majibu. Kula, oga, tazama karatasi inayofuata, ulale. Nikikosea nikapiga, mwambie matroni akuambie nimekusalimu, usije kwenye simu.

Watu wa msikitini wanaoniuliza hali ya daktari wao, nimeanza kuwajibu kwamba msichana bado yuko sekondari na daktari hajazaliwa. Wamezoea, lakini watazoeshwa upya. Ukipenda tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, baada ya matokeo, nitafurahi. Ukiona moyo wako uko kwenye Historia na Lugha, katika miaka ya karibuni TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, imekuwa ikifungua dirisha la kubadili machaguo baada ya matokeo kutoka, nami nitakupeleka mwenyewe kwenye duka la kompyuta. Na lau hesabu zikikataa kabisa, chuo cha afisa tabibu kinapokea mwenye ufaulu wa masomo manne, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na aliyeketi nami kunieleza habari za usingizi alipita njia hiyohiyo na leo wilaya nzima inamtegemea. Sisemi haya kwa sababu nakushuku utaanguka. Nasema ili usiku ukitazama dari ujue kwamba nyumba hii haikungojei na fimbo.

Mdogo wako alimaliza mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita, na tangu hapo amekuwa bwana wa mtaa. Ameifungua redio ya bibi yako akidai anaitengeneza, na skrubu mbili zimebaki mezani ambazo hajui zilitoka wapi. Yeye analala kama gogo mpaka saa tatu. Ningeweza kumkata usingizi nikakutumia wewe, ningefanya hivyo leo. Mvua za vuli zimeanza kugonga, na bati la upande wa jikoni linavuja palepale. Fundi anataka nusu ya malipo kabla hajapanda juu, nami namtaka apande kwanza, kwa hiyo ndoo bado ipo.

Ada ya muhula nimekwisha kuilipa benki. Stakabadhi ipo ndani ya bahasha ndogo, mkabidhi mhasibu na umwombe akuandikie risiti ya shule, maana mwaka jana walidai hawakuiona. Kondakta wa basi la Morogoro atakufikishia kikapu chenye machungwa, unga wa lishe aliousaga mama yako, sabuni, chandarua kipya kwa kuwa ulisema cha zamani kimetoboka, na jedwali la hesabu. Betri za tochi ulizoagiza sikununua. Machungwa wagawie wa chumbani kwako yangali mazima, na kikapu umrudishie kondakta yuleyule safari ya Jumatano, kwani ni cha jirani na ameshakiulizia hata kabla hakijaondoka.

Wasalaam,

Baba yako