Saa elfu moja za hospitalini: tugawieni sisi tunaofanya kazi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi seremala wa Kihonda, Morogoro. Nina miaka 44 na niko mwaka wa pili wa stashahada ya tiba kwa vitendo. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wanafunzi wenzangu tunaosoma huku tunalisha familia: mafunzo ya hospitalini yagawanywe katika vipindi tunavyoweza kuvimudu.

Wengi hudhani tiba kwa vitendo ni fiziotherapia kwa jina jingine. Zinakaribiana, ila sisi tunaanzia kwenye shughuli yenyewe ya kila siku inayomshinda mgonjwa. Mama aliyepata kiharusi atajifungaje kitenge kwa mkono mmoja? Kijana aliyeungua kiganja atashikaje jembe tena?

Mimi niliingia kwa mlango wa kiti. Mwaka 2016 mama mmoja alikuja karakana akiwa na mchoro nyuma ya kadi ya kliniki. Mtoto wake wa miaka mitano, mwenye mtindio wa ubongo, hakuweza kukaa bila kushikwa. Nikampigia kiti cha mkangazi, nikakipiga msasa na vanishi hadi kikang'aa. Kilikuwa kikubwa mno. Miguu ilining'inia, na mtoto kila akijikaza aliteleza mbele. Mtoa tiba aliyechora ule mchoro akaja mwenyewe na futi kamba. Alipima kutoka nyuma ya goti hadi makalio, kutoka goti hadi kisigino, kisha upana wa nyonga. Akanieleza kwamba nyonga, magoti na vifundo vya miguu vinatakiwa vikunjike pembe mraba, nyayo zikanyage kibao, na katikati ya mapaja kiwepo kigingi chenye sponji ili miguu isipishane. Mbele tukaweka meza iliyokatwa nusu duara. Mpini wa kijiko tukauzungushia raba ya kandambili, uwe mnene, kiganja kiweze kuukamata. Mtoto yule akala uji. Nusu ulimwagikia kifuani, na mama yake hakumfuta mpaka bakuli lilipokwisha.

Tangu hapo nimepiga viti 63 vya namna hiyo, na kila mara nilikuwa nafuata vipimo nisivyojua sababu yake. Hilo ndilo lililonirudisha shule. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1999 na Kemia nilifeli. Nikasoma jioni miaka miwili, nikakaa kwenye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata. Chuoni vijana wananiita Mjomba. Mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na ile minane midogo ya kifundo haikukaa kichwani mwangu hata kidogo. Nikaichonga kwa vipande vya mkangazi, kila mmoja kwa umbo lake. Sasa vijana huja kuiazima usiku wa kuamkia mtihani.

Shirikisho la dunia la taaluma yetu linataka kila mwanafunzi afikishe angalau saa 1,000 za kufanya kazi na wagonjwa chini ya msimamizi. Sipingi hata saa moja. Asiyewahi kumvalisha shati mtu aliyepooza hawezi kujifunza hilo ubaoni. Ila mwaka jana nilipewa taarifa siku tisa kabla ya kuondoka, wiki nane mfululizo, mkoa mwingine. Nilikuwa na oda ya madawati 40 ya shule, na vijana wangu wawili walikuwa bado hawajaweza kufunga maungio wenyewe. Oda ikaenda kwa fundi mwingine. Nyumbani tukauza mashine ya randa ili ada itimie.

Mimi nimebaki. Dada mmoja tuliyeanza naye hakubaki. Alikuwa mhudumu wa wodini kwa miaka 12, na mwajiri wake alimtaka achague kazi au masomo. Ana watoto watatu, akachagua mshahara. Dada huyo alijua kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani bila kumvuta bega la upande uliopooza, kosa linaloumiza wagonjwa wengi na ambalo sisi wengine tulilazimika kufundishwa na kukumbushwa. Ujuzi wake umebaki nje ya taaluma.

Najua nitajibiwa kwamba wasimamizi ni wachache na si kila hospitali ya wilaya ina mtoa tiba. Ni kweli, ndiyo maana siombi kupelekwa karibu na nyumbani. Naomba wiki nane ziwe nne kwa nne, au siku tatu kila juma kwa miezi kadhaa, na ratiba itolewe muhula mmoja kabla. Saa zitabaki zilezile. Tena mgonjwa mwenyewe atanufaika. Mkono uliopooza kwa kawaida haukazi ndani ya wiki moja, wala haulegei ndani ya wiki moja. Anayemfuata mgonjwa kwa miezi atayaona yote mawili.

Mafundi wenzangu huniuliza kwa nini naacha useremala. Siuachi. George Barton, mmoja wa walioanzisha chama cha taaluma hii Marekani mwaka 1917, alikuwa msanifu majengo aliyepooza upande wa kushoto, akaurudisha mwili wake kwa kazi za mikono. Taaluma ilianza na watu waliokwisha kufanya kazi nyingine. Ningependa Oktoba 27, siku ya taaluma hii duniani, wakuu wa vyuo na waajiri wakae pamoja walizungumze hili la ratiba.

Januari naenda tena hospitalini, na mpaka leo sijui ni mkoa gani. Karakana kuna viti vitatu vya watoto havijakamilika. Mama wa mmoja wao amenipigia simu mara mbili juma hili akiuliza tarehe, na sina ya kumpa.

Fundi seremala na mwanafunzi wa tiba kwa vitendo,
Kihonda, Morogoro