Mama, nimejifunza kunyamaza

Mama shikamoo, na wote hapo nyumbani nawasalimu. Mie mzima, kazi ipo, baridi nayo haijatuachia.

Mwakumbuka niliwaambia nimepata ofu ya wiki nzima, basi nilienda Ufaransa na vijana wa kanisa la huku, kijiji chaitwa Taizé. Kuna watawa pale, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, mwanzilishi wao Ndugu Roger alifika 1940 wakati wa vita. Mara tatu kwa siku kengele zinalia na kila mtu anaacha alichoshika, hata kama ulikuwa waosha masufuria. Nikaikumbuka ile kengele ya Frere Town hapo Mombasa, twaipita na matatu pale Kengeleni. Mnaingia mnakaa chini, mnaimba wimbo mfupi mnaurudia rudia, halafu katikati ya ibada kimya, dakika kama nane hivi, umati wote ule na hakuna maiki wala mtu wa kuongoza.

Siku ya kwanza niliteseka Mama. Nilitaka kukemea, kuita Jina, kufanya kitu, manake sisi tumezoea mkesha spika juu mpaka asubuhi, na sisemi ni vibaya, mie nimeokoka kwa maombi hayohayo. Lakini siku ya tatu nimekaa naangalia mshumaa tu, Baba akanijia. Sikuwahi kumlilia Baba. Matanga yote nilikuwa mbio, mara hema, mara viti, mara mchango, mara gari la kutoa mwili mochari, kisha nikapanda ndege nikaanza shifti. Pale machozi yakaja yenyewe, sikuomba hata neno moja, na nilijua Mungu yupo, amekaa na mimi. Ndio nikaelewa wale rafiki za Ayubu, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno kwa vile waliona uchungu wake ni mkubwa mno, walikuja kumuumiza pale walipofungua midomo.

Na nikamkumbuka Nyanya. Saa kumi na moja alfajiri, tuktuk hazijaanza, yuko barazani mkekani, leso mabegani, mikono imelala mapajani viganja vimeangalia juu. Tulidhani usingizi umemchukua. Siku moja nikamuuliza Nyanya mbona huombi, akanijibu, "Naomba," akarudi kunyamaza. Nilikuwa mdogo nikaenda zangu kutafuta chai. Kumbe nimevuka bahari kuja kufundishwa kitu kilichokuwa barazani kwetu kila siku.

Sasa Mama nina ombi. Jumapili nikipiga simu, tukimaliza kuomba msikate. Wekeni simu hapo mezani tukae kimya kidogo sote, tumkumbuke Baba. Hata nikisikia ile feni ya sebuleni tu inatosha.