Beji za jukwaani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Michoro ya mavazi ya mchezo wako wa vita vya Barnet, Uingereza, nimeipata. Kwanza ondoa hizo ngao vifuani mwa askari wa kabaila Warwick. Nembo ya ngao ilikuwa ya bwana mwenyewe na ukoo wake. Mfuasi alivaa beji, alama moja rahisi inayotambulika kwa mbali. Ya Warwick ni dubu na fimbo yenye vishina vya matawi. Kabla yake mfalme Richard II aligawa beji ya kulungu mweupe aliyelala, taji shingoni, na waliomvaa wakatakabari mno. Mwaka 1388 Bunge lililoketi Cambridge lilitaka beji zipigwe marufuku, kwa sababu wavaaji walionea watu wakijua bwana atawakingia kifua.

Cheo utakionyesha kwa malighafi. Beji ya batamaji iliyofukuliwa Dunstable, Uingereza, mwaka 1965 ni ya dhahabu na enameli nyeupe (kioo kilichoyeyushwa juu ya metali), kimo sentimita 3 na kidogo: hicho ni kito cha wakubwa. Watu wa kawaida walipata kitambaa. Mwaka 1483 mfalme Richard III aliagiza beji 13,000 za nguruwe dume mweupe, zote za fastiani, kitambaa kizito, kwa sherehe ya mwanawe kule York. Kwa hiyo kundi lako lote lishonee vitambaa, usihangaike na metali.

Zile mbili tatu za maofisa zimimine kwa bati tupu. Mafundi wa zama zile walichanganya bati na risasi, lakini risasi ni sumu. Chonga umbo kwenye jiwe laini la chokaa, ulifunike kwa jiwe la pili, uache mfereji wa kumiminia na vijia vyembamba vya hewa. Pini ya nyuma ichongwe humohumo itoke pamoja na beji. Kausha jiwe kabisa, kisha lipashe moto: likiwa na unyevu bati litaruka usoni, likiwa baridi miguu ya dubu haitajaa.

Sasa vita vya Barnet vyenyewe, tarehe 14 Aprili 1471. Watu wa kabaila Oxford, mshirika wa Warwick, walivaa nyota yenye miali; wa adui yao, mfalme Edward IV, jua lenye miali. Katika ukungu, watu wa Warwick wakadhani nyota ni jua, wakawashambulia wenzao. Oxford na watu wake wakapiga kelele za usaliti, wakakimbia. Wewe umechora nyota nyeusi na jua jekundu, na hapo mtazamaji hataelewa walichanganyaje. Zipe rangi moja na ukubwa mmoja, tofauti ibaki kwenye kitovu tu. Halafu zijaribu kwa moshi wa jukwaani, ukiwa umesimama safu ya mwisho.

Wako daima.