Cheti cha polisi kisiwe kifungo cha pili

Mhariri,

Kwenye maonyesho ya kilimo hapa Mombasa, watu hujazana banda la Magereza kununua viti na makabati. Hakuna anayeuliza fundi alifungwa kwa kosa gani. Fundi huyohuyo akitoka na kuja kuomba kazi, swali la kwanza ni hilo.

Nina karakana ndogo ya useremala Kisauni. Mwaka jana nilimchukua kijana aliyetoka gereza la Shimo la Tewa. Mtihani wa ufundi aliufanyia humo ndani, na mkono wake kwenye randa ni mwepesi kuliko wangu (nakiri shingo upande). Kabla ya kufika kwangu alizunguka miezi. Kila alikobisha walitaka cheti cha tabia njema cha polisi, na alama za vidole zikishachukuliwa, hukumu yake hujitokeza. Alikuwa ameiba betri ya gari.

Sisemi kila mlango ufunguliwe. Aliyedhuru watoto asipelekwe kufundisha chekechea. Lakini betri na kupiga mbao randa vinahusianaje? Kifungo alikimaliza, siku zote.

Uingereza wana sheria tangu 1974: mwenye kosa dogo akikaa miaka kadhaa bila kurudia, kwa kazi nyingi halazimiki kulitaja. Wabunge wetu, ambao baadhi yao hugombea wakiwa na kesi mahakamani, wanaweza kutupa sheria kama hiyo.

Seremala,
Kisauni, Mombasa