Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye punda wa mikokoteni,

Asanteni kwa kufika. Najua Jumamosi ndiyo siku maji yanaponunuliwa sana, na kila aliye hapa ameacha wateja wakimngoja na mitungi mitupu. Kwa hiyo mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Kliniki ya kukata kwato na dawa ya minyoo tuliifanya mara mbili badala ya tatu. Ile ya Aprili tuliiahirisha baada ya mafuriko ya Mai Mahiu, wakati ambapo kila mwenye mkokoteni alihitajika kwingine. Hatamu mpya za ngozi zimefika. Zile za kamba ya plastiki zinazokata pua, naomba nisizione tena barabarani. Habari za akiba na mikopo mtasomewa na mweka hazina.

Muda uliobaki nataka kuzungumzia jambo moja tu: safari ya punda anayepelekwa kuchinjwa.

Habari ya kuchinjwa kwenyewe mnaijua. Tangu 2016 vilipofunguliwa vichinjio vya punda hapa Kenya, na baadaye vikafika vinne, Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, tumekuwa tukiisemea kila mkutano. Ngozi ndiyo iliyotakiwa. Huko Uchina huchemshwa ikatolewa gundi iitwayo ejiao, ambayo watu huitumia kama dawa na kwa urembo. Punda wao wenyewe walikuwa milioni 11 mwaka 1990. Kufikia 2021 walikuwa wamebaki chini ya milioni 2, na wanunuzi wakageukia Afrika. Shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilihesabu punda 301,977 waliochinjwa Kenya kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima ili azae mtoto mmoja. Mfugaji yeyote anaona hapo kwamba hesabu haiwezi kutosha. Sensa ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2.

Tulipiga kelele, na tulisikika. Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ya Naivasha ikaitengua marufuku hiyo. Mwisho wa mwaka huohuo Tanzania ikapiga marufuku ya miaka 10. Na mwaka huu, tarehe 18 Februari, marais wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, bara zima. Siku ile wengi wenu mlinipigia simu, na kuna mama mmoja aliyelia kwenye simu. Nami nilifurahi. Kisha ikaja Agosti.

Mtanisamehe nikiieleza kwa urefu, maana ni wachache kati yenu waliofika pale.

Saa kumi alfajiri kijana wetu mmoja anayechota maji mapema alikuta lori limeharibika kando ya barabara, limefunikwa turubai mpaka chini. Alidhani ni mkaa. Alilipita, ila punda wake akakataa kwenda. Alisimama, akageuza masikio kuelekea lile lori, wala hakulia. Kijana akafungua pembe ya turubai, akamulika kwa simu.

Walikuwa punda 31. Waliosimama walikuwa wamefungwa shingo kwenye vyuma vya pembeni, kamba fupi hivi kwamba aliyeteleza alijinyonga mwenyewe. Sakafu ilikuwa bati tupu, bila mchanga wala nyasi, na mkojo umeifanya kama sabuni. Wanne walikuwa wamekwisha kufa na wenzao walikuwa wamesimama juu yao kwa kukosa pa kuweka kwato. Jike mmoja alikuwa ameharibu mimba humo humo ndani. Na kimya kilikuwa kizito. Ng'ombe akiumia analia, mbuzi akiumia analia. Punda anaumia kwa kunyamaza, ndiyo maana mtu anaweza kuendesha lori kama lile usiku kucha, akasimama kununua chai njiani, na asijue au asitake kujua nyuma kuna nini.

Tulipofika tulikuwa watu tisa. Tuliwanywesha maji ya kuuza, yale yaliyokuwa kwenye mitungi yetu, ndoo moja moja ili wasidhurike kwa kugugumia. Wengine walikunywa. Wengine waligusa maji kwa midomo wakaacha, na hao ndio walionitia hofu. Karatasi aliyokuwa nayo dereva ilikuwa kibali cha kusafirisha ng'ombe, na aliwaambia polisi kwamba alipakia upande wa Moyale, mpakani na Ethiopia. Kutoka Moyale hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 800, na hiyo ni lami peke yake. Kabla ya lami kuna mwendo wa miguu, usiku, maana dalali hapitishi punda wa kuvuka mpaka mchana watu wakiona. Walipopakiwa walikuwa wamekwisha kuchoka.

Daktari wa mifugo aliyekuja asubuhi alitueleza jambo ambalo mimi, niliyefuga punda tangu utotoni, sikulijua. Punda akishikwa na hofu na akakaa bila kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe na kuyamwaga kwenye damu. Damu hujaa mafuta, ini na figo hushindwa, naye hupoteza hamu ya kula hata ukimwekea majani mabichi puani. Ndivyo walivyokufa watano siku tatu baadaye, wakiwa kivulini, na maji na nyasi mbele yao. Safari iliwaua wakiwa wamekwisha kushushwa. Nimewaza sana juu ya hilo. Anayehesabu waliokufa ndani ya lori hajawahesabu wote.

Sasa niseme kwa nini ninalileta hili katika mwaka ambao tungepaswa kusherehekea. Miaka yote hii tumekuwa tukitazama mlango wa kichinjio. Tuliamini mlango ukifungwa, mateso yamekwisha. Lakini mlango wa karibu ukifungwa na soko likabaki, punda hupelekwa mbali zaidi, kwa njia za vichochoroni, chini ya turubai, bila daktari wa kumkagua anapoondoka wala anapofika. Pengine mwisho wa safari ni kichaka tu na watu wenye visu. Uamuzi wa Addis Ababa ni mkubwa, ila hauwi sheria inayomshika dereva barabarani mpaka kila nchi iufanyie kazi yake. Hadi hapo, barabara ndiyo uwanja wa madalali.

Na si sisi tu. Mwaka 1911 mwanamke Mwingereza, Ada Cole, alikuwa bandarini Antwerp, Ubelgiji, akaona farasi wa kazi kutoka kwao Uingereza wakishushwa melini, wazee na vilema, wakiswagwa kwa miguu kwenda kuchinjwa. Walikuwa farasi waliolima na kuvuta mizigo maisha yao yote, kama hawa wetu. Mwaka 1927 alianzisha chama cha kupinga safari hizo. Alichosema kilikuwa rahisi: kama lazima mnyama auawe, asisafirishwe mbali akiwa hai kwa ajili ya kifo hicho. Mei mwaka huu Bunge la Uingereza limepitisha sheria inayokataza kabisa kuwatoa nje farasi, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe wakiwa hai ili wakachinjwe. Imechukua miaka 97. Huko Ulaya bara, sheria yao ya 2005 bado inaruhusu farasi asafiri saa 24, ila lazima apewe maji kila baada ya saa 8. Wenzetu wanaopigania wanyama wanaona hiyo ni ndefu mno, nami nakubaliana nao. Lakini fikirini: wale 31 wangepata hata hayo maji ya kila saa 8, wangapi wangeshuka wazima?

Kuna jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele yenu. Mwaka 2017 niliuza punda kwa dalali. Bei ilikuwa imepanda kutoka elfu tano, sita, hadi zaidi ya elfu kumi, na nilikuwa na karo ya sekondari ya kulipa. Alikuwa jike mwenye msalaba mweusi mabegani, aliyenilelea watoto wangu kwa mitungi minane kwa siku. Sikuuliza anakwenda wapi. Nilipokea pesa, nikafunga mlango ili nisimwone akipandishwa. Wako wengine humu waliofanya vivyo hivyo, na simnyooshei mtu kidole. Wazee wetu walisema shukrani ya punda ni mateke. Mimi naona kwamba katika ile biashara, mateke tuliyatoa sisi.

Kamati inaleta maombi matatu, na mtayapigia kura leo. La kwanza ni daftari la punda: kila mnyama wa mwanachama apigwe picha, rangi na makovu yake yaandikwe, ili akiibwa tuwe na cha kumwonyesha polisi. Wale 31 hatukujua ni wa nani hata mmoja. La pili, mwanachama yeyote anayeuza punda amuuze kwa mtu atakayemfanyisha kazi na anayejulikana na wanachama wawili. Aliyebanwa na karo au hospitali aje kwanza kwenye mfuko wa mikopo. Nimemwomba mweka hazina ombi la namna hiyo lijibiwe ndani ya siku tatu, maana dalali hujibu siku hiyohiyo. La tatu, tuiombe serikali ya kaunti kwamba lori lolote lenye punda lisimamishwe, kibali kisomwe na turubai lifunuliwe. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tunayo tangu miaka ya sitini. Haihitaji kutungwa, inahitaji mtu wa kufunua turubai.

Kesi ya lile lori haijasikizwa bado. Imeahirishwa mara mbili. Katibu na mimi tumehudhuria zote na tutahudhuria ya tatu.

Kati ya wale waliobaki, 15 wamekabidhiwa wanachama kwa idhini ya mahakama mpaka kesi iishe. Saba hawajapata mtu. Wako kwenye boma la mzee wetu pale nyuma ya kanisa, na malisho yake yamekwisha tangu mwezi uliopita. Wawili bado hawakubali kusogelewa na gari. Anayeweza kuchukua hata mmoja, au kuleta marobota ya nyasi wiki hii, aandikishe jina kwa katibu kabla hatujaenda kwenye chai.