Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Lumbesa na Mizani Yetu

Ndugu wanachama, mama zangu, kaka na dada zangu,

Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitasema zaidi kuhusu jambo lililotukalisha vikao vingi mwaka huu: lumbesa.

Sote tunaijua. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha viazi hupangwa juu kwa mkono, kimoja kimoja, na kufumiwa kamba mpaka gunia linaota kichwa cha pili. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Siku mizani yetu ilipofungwa pale geti la kushushia, tulianza na gunia lililotoka Mgeta. Mshale ukapita 100, ukaendelea. Mwenye mzigo, mama aliyesafiri nao usiku kucha kwenye fuso, akautazama kimya, kisha akauliza, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nawapa bure?" Hakuna aliyemjibu. Hata mimi nilikosa la kusema, maana nimenunua lumbesa tangu naanza biashara.

Kile alichokuwa akitupatia bure ndiyo mbolea ya msimu unaofuata. Ndiyo bati, ndiyo madaftari ya watoto, ndiyo mchango wa zahanati ya kijiji.

Na sisi wa Dar hatulimi viazi. Tunakula jasho la Njombe, Mbeya na Mgeta. Nyanya zetu ni za Ilula, machungwa ni ya Muheza. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, asubuhi yake simu yangu haikupumzika: watu wa shamba wakiuliza mzigo waushushe wapi. Moto uliwaka Kariakoo, hofu ikaingia majikoni kwao.

Tangu mizani ifungwe tunanunua kwa kilo. Si wote waliofurahi, na wapo wenzetu waliohamishia biashara kwingine. Nawaheshimu, ila siwaungi mkono.

Mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye, bado inatuumiza. Mnunuzi mmoja mkubwa alichukua mzigo kwa ahadi ya siku tatu, akazima simu. Wakulima hawakumjua yeye, walitujua sisi. Kila alfajiri walipiga. Kwa hiyo kamati imeamua: mzigo ukishapimwa, angalau nusu ya fedha itumwe kwa simu siku hiyo hiyo.

Jingine dogo. Tangu 2017 mzigo wa mazao usiozidi tani moja ukivushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru. Wakulima wengi hawalijui hili. Wakipiga simu, tuwaambie.

Lumbesa bado zinaingia usiku kupitia geti la nyuma. Naomba mkutano uidhinishe ununuzi wa mizani ya pili kwa ajili ya geti hilo, na mlinzi wa zamu ya usiku. Kura tupige sasa, kabla ya chai.